Wafalme Wadogo wa China: Je, Mapenzi Yaweza Kumdhulumu Mtoto?

Watu wengi wakisikia kwamba mtoto amedhulumiwa, hufikiri mara moja juu ya mtoto aliyepigwa pasipo kosa, au aliyelazwa na njaa, au aliyetupwa na wazazi wake. Ni wachache wanaofikiri kwamba mtoto aweza kudhulumiwa kwa kupewa. Kwamba mkono uleule unaomlisha na kumvika waweza kumwondolea kitu ambacho itakuwa taabu kukipata ukubwani. Katika Kiswahili tunayo methali isemayo, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini methali hiyo yataja kilio cha mzazi tu. Je, mwana mwenyewe amepoteza nini? Hilo ndilo swali tutakalolichungua hapa, na nchi itakayotufaa kwa uchunguzi huo ni China, kwani hakuna mahali pengine ulimwenguni ambapo jambo hili limepata kujaribiwa juu ya watu wengi kiasi hicho.

Tarehe 25 Septemba 1980 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha China ilitoa barua ya wazi kwa wanachama wake na kwa Umoja wa Vijana wa chama, ikiwataka waridhike na mtoto mmoja tu kwa kila mume na mke. Idadi ya watu ilikuwa imekaribia milioni elfu moja, na wakuu wa nchi waliogopa kwamba chakula, kazi na shule havitatosha. Wazazi waliokubali walipewa cheti cha heshima pamoja na posho ndogo. Waliokataa walitozwa faini, na wengi, hasa wanawake, walifikwa na mambo mazito kuliko faini: walilazimishwa kuharibu mimba, na katika mwaka 1983 peke yake zaidi ya watu milioni 20 walifungwa uzazi. Tangu 1984 amri ililegezwa mashambani, ambako katika mikoa mingi wazazi waliotangulia kupata binti waliruhusiwa kuzaa mara ya pili, na makabila madogo yalikuwa na kanuni zao. Mijini, hata hivyo, amri ilidumu mpaka mwisho wa mwaka 2015. Barua ile yenyewe ilikuwa imesema kwamba baada ya miaka 30 huenda siasa nyingine ikafuatwa. Walipitisha miaka mitano tu juu ya ahadi, jambo ambalo kwa serikali si baya sana. Lakini miaka 35 yatosha mtoto kuzaliwa, kukua, kuoa na kuwa mzazi.

Sasa na tuitazame nyumba moja ya mjini katika zama hizo. Babu na bibi wa upande wa baba ni wawili. Babu na bibi wa upande wa mama ni wawili. Baba na mama ni wawili. Hao ni watu wazima sita. Mbele yao amekaa mtoto mmoja. Wachina waliita hali hiyo kwa hesabu yake: nne, mbili, moja. Katika familia ya kale ya Kichina hesabu ilikwenda kinyume: mzee mmoja aliketi juu, na chini yake walikuwapo wana, wake za wana, wajukuu na vitukuu, wote wakimsubiri yeye aanze kula. Katika nyumba hii mpya wazee sita humsubiri mtoto aanze kula. Mnamo miaka ya 1980 magazeti ya huko yalianza kuwaita watoto hawa *xiao huangdi*, yaani wafalme wadogo, na jina hilo likaenea duniani kote. Katika nchi iliyomwondoa mfalme wake wa mwisho mwaka 1912, kila nyumba ya mjini ilikuwa imejipatia mfalme wake.

Habari zilizosimuliwa juu yao ni nyingi. Babu hubeba mkoba wa shule huku mjukuu akitembea mikono mitupu. Bibi hufuata nyuma na bakuli na kijiko, akimbembeleza mtoto wa miaka sita apokee tonge moja zaidi. Mtoto akitaka kitu cha kuchezea, na baba akikataa, bado wapo watu watano wa kuombwa, na kati ya watano hao hakosekani mmoja mwenye moyo laini. Wazee hao walikuwa wamepitia njaa kuu ya miaka ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya watu; na wazazi wenyewe, wengi wao, walikatishwa masomo katika Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966. Msomaji asiharakishe kuwacheka. Mtu aliyewahi kula magome ya miti hawezi kutulia anapomwona mjukuu wake akisukuma sahani.

Mwaka 1993 mwandishi mmoja aitwaye Sun Yunxiao alichapisha makala iliyoitikisa nchi nzima. Alieleza juu ya kambi ya watoto iliyofanyika mwaka uliotangulia katika mbuga za Mongolia ya Ndani, ambako watoto wa Kichina na watoto wa Kijapani walitembea mwendo mrefu pamoja wakiwa na mizigo mgongoni. Kwa maelezo yake, watoto wa Kijapani walivumilia, na wale wa Kichina walionyesha ulegevu na kudeka. Wazazi na walimu wengi waliona aibu, wakaulizana ni taifa la namna gani wanalolilea. Baadaye waandishi wengine waliichunguza habari ile wakasema kwamba sehemu zake zilikuwa zimetiwa chumvi. Twataja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuonyesha jinsi Wachina wenyewe walivyokuwa na wasiwasi juu ya watoto wao. Ya pili ni kumtahadharisha msomaji, kwa sababu katika shauri hili imekuwa rahisi sana kuamini kila linalosemwa, na mtuhumiwa ni mtoto asiyeweza kujitetea.

Basi, wataalamu wamesemaje? Hapa hatupati kauli moja. Mnamo 1986 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa Beijing ulioonyesha kwamba watoto wa pekee walielekea kujifikiria nafsi zao zaidi, na wenye ndugu walielekea zaidi kusaidiana. Lakini mwaka 1993 Toni Falbo na Dudley Poston walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa shule wapatao 4,000 wa mikoa minne, na katika tabia waliona tofauti chache mno. Tofauti iliyoonekana zaidi ni kwamba watoto wa pekee mara nyingi walifanya vizuri zaidi katika masomo. Kisha mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wataalamu wa uchumi wakiongozwa na Lisa Cameron, ambao waliwakusanya watu wazima 421 wa Beijing, waliozaliwa miaka michache kabla ya siasa hiyo na miaka michache baada yake, wakawachezesha michezo ya fedha halisi. Waliozaliwa chini ya siasa ya mtoto mmoja walionekana kuwa wagumu zaidi kuwaamini wengine, na wao wenyewe wasioaminika sana. Waliogopa kujitosa katika jambo lenye hatari, na hawakuwa na matumaini makubwa juu ya siku za mbele.

Mimi naona ajabu katika matokeo hayo ya mwisho. Mfalme angetazamiwa awe jasiri na mwenye kujivuna. Waliopatikana ni watu waoga, wenye mashaka. Ikiwa matokeo haya ni ya kweli, basi neno "mfalme" limetupotosha tangu mwanzo, na imetupasa tuulize upya ni kitu gani hasa kilichokuwa kikifanyika katika nyumba zile.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tuseme kwamba si kila mtoto wa China wa miaka hiyo alikuwa mfalme wa mtu yeyote. Mashambani wako watoto ambao wazazi wao walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya pwani na kuwaacha kwa babu na bibi, wakionana nao labda mara moja kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria kwamba watoto walioachwa hivyo walizidi milioni 60. Wako pia mabinti ambao hawakupata hata nafasi ya kuzaliwa, kwa sababu wazazi waliotaka mvulana waliitumia mimba yao moja kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba kwa kila mabinti 100 walizaliwa wavulana wapatao 118. Tunaofundishwa na Kurani Tukufu kwamba haifai kuua watoto kwa kuogopa umaskini, wala kuhuzunika mtu anapobashiriwa binti, hatuwezi kupita juu ya hesabu hiyo kama kwamba ni tarakimu tu. Lakini adili yatutaka tuseme na upande wa pili: binti wa mjini aliyezaliwa peke yake aliifaidi hali hiyo kuliko mabinti wote waliomtangulia katika historia ya nchi yake. Hakuwapo kaka wa kumnyang'anya ada ya shule.

Turudi kwenye swali letu. Watoto wa Kichina tangu karne nyingi hufundishwa kisa cha Kong Rong, mtu wa ukoo wa Confucius aliyeishi tangu mwaka 153 hadi 208. Kisa hicho kimetajwa katika San Zi Jing, kitabu kidogo cha kufundishia watoto kinachohesabiwa kuwa cha karne ya 13. Yasemekana Kong Rong alipokuwa na umri wa miaka minne, yaliletwa matunda ya peasi nyumbani kwao. Yeye akachagua lililo dogo kuliko yote na kuwaachia kaka zake makubwa. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba yeye ni mdogo, na kwa hiyo tunda dogo ndilo linalomfaa. Wachina humtaja mtoto huyo kama kipimo cha adabu.

Lakini msomaji na afikiri. Ili Kong Rong atoe tunda kubwa, ilihitajiwa yawepo mambo mawili: matunda yasiyolingana, na kaka. Mtoto wetu wa nne-mbili-moja hana hata moja kati ya hayo. Matunda yote ni yake. Akimpa babu, babu humrudishia akisema kwamba yeye hapendi peasi. Akimpa mama, mama hulimenya, akalikata vipande, akamlisha yeye mwenyewe. Kila anapojaribu kutoa, hurudishiwa, na kila anayemrudishia hudhani kwamba amefanya wema. Baada ya kujaribu mara nyingi mtoto huacha. Kisha mwalimu humsomesha kisa cha Kong Rong na kumtaka akisifu.

Mwaka 2012, mjini Shanghai, mtoto wa darasa la kwanza aliulizwa katika jaribio la shule angefanya nini kama yeye angekuwa Kong Rong. Akaandika kwamba asingelitoa tunda lake. Mwalimu akampiga mkwaju. Baba yake aliionyesha karatasi hiyo kwa watu katika intaneti, na nchi nzima ikabishana. Wengine walisema mtoto ameharibika. Wengine walisema amesema kweli, na kwamba kumkosesha mtoto kwa ajili ya kusema kweli ni kumfundisha unafiki. Nakubaliana na hawa wa pili, ila naongeza neno moja. Kosa la jaribio lile ni kumtahini mtoto katika somo ambalo huenda nyumbani hakuna aliyemruhusu kulifanyia mazoezi. Ukarimu hausomwi kitabuni kama hesabu. Huingia mkononi kwanza, kwa kutoa kitu unachokitaka na kumwona mwingine akikila, kisha ndipo huingia moyoni.

Kwa hiyo twafika kwenye jibu la kwanza. Mtoto anayedekezwa hupewa kila kitu isipokuwa nafasi ya kutoa. Hubebewa mkoba, hivyo hajui kwamba mgongo wake una nguvu. Hafagii, haoshi bakuli, hamchukulii maji bibi anayeumwa. Hivyo hajui kwamba katika nyumba ile yupo mtu anayemhitaji yeye kwa jambo lolote. Na mtu asiyehitajiwa na yeyote, hata akiketishwa juu ya kiti cha dhahabu, hukaa na wasiwasi moyoni, maana hajui thamani yake yatoka wapi. Pengine ndiyo sababu wale 421 wa Beijing hawakuonekana kuwa majasiri.

Huenda mtu akauliza: Je, maana yake ni kwamba kila mtoto wa pekee lazima aharibike? La, hasha. Wachina wenyewe wanao mfano ulio kinyume. Mencius, mwenye hekima wa karne ya nne kabla ya Kristo, yasimuliwa kwamba alilelewa na mama yake mjane. Mama huyo alihama mara tatu, kwanza kutoka karibu na makaburi, kisha kutoka karibu na soko, mpaka akapata nyumba karibu na shule, kwa kuwa aliona mwanawe huiga kila analoliona. Na siku ile mwanawe alipoacha masomo akarudi nyumbani, mama alichukua kisu akaikata nguo aliyokuwa akiifuma mtamboni, nguo ambayo ndiyo riziki yao, ili mtoto aone kwa macho yake kazi iliyokatizwa hufanana na nini. Mwanamke huyo hakuwa na mtoto mwingine wa kumtegemea. Hata hivyo hakuthubutu kumficha mwanawe hasara.

Na Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na mama yake alimwacha akiwa mdogo. Babu yake, Abdul-Muttalib, alimpenda mno, hata akamketisha pamoja naye juu ya mkeka wake kando ya Kaaba, mahali ambapo wanawe wakubwa hawakuthubutu kukaa. Mapenzi ya babu yalikuwapo tele. Lakini kijana huyohuyo alikwenda nyikani kuchunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira. Naye alipokuwa mtu mzima, alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya watu. Na Aqra bin Habis aliposema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume s.a.w. hakuusifu ukavu huo. Kwa hiyo yeyote asichukue maneno yetu kuwa ruhusa ya kuwanyima watoto upole. Busu halijamharibu mtoto yeyote, na wala umoja wake haumharibu.

Sasa tuingie katika jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, na ambalo wale wanaowacheka wafalme wadogo hawalioni. Je, ni kweli kwamba wazee wale sita walikuwa wakimpa mtoto bure?

Vanessa Fong, mtaalamu wa Kimarekani wa maisha ya jamii, aliishi katika mji wa Dalian akifundisha vijana na kuingia katika nyumba zao, na mwaka 2004 alitoa kitabu juu yao alichokiita kwa jina lenye maana ya "tumaini la pekee". Aliyoyaona yafaa yafikiriwe. Wazazi waliwaondolea watoto wao kazi zote za nyumbani ili wasome. Kisha wazazi haohao walilalamika kwamba watoto ni wavivu na wamedeka. Waliwataka wawe washindi dhidi ya wenzao shuleni, na nyumbani wawe wanyenyekevu. Wajitegemee, na papo hapo watii. Watu wengi hawakuwa na malipo ya uzeeni ya kutosha, na kwa wengine mtoto ndiye aliyekuwa akiba yao ya pekee. Kila sahani ya nyama iliyosukumwa mbele yake ilikuwa imeandikwa katika daftari, ingawa daftari hilo halikuonyeshwa kwa mtu.

Siku ya hesabu hufika mwezi wa Juni, katika mtihani wa kuingia chuo kikuu uitwao *gaokao*. Mwaka 2024 walijiandikisha watu zaidi ya milioni 13. Katika mkoa wa Anhui uko mji mdogo wa Maotanchang, uliojulikana kwa shule yake kubwa ya kuwaandaa vijana kwa mtihani huo. Maelfu ya mama na bibi huacha makwao, wakapanga vyumba vidogo karibu na shule, wakapika na kufua kwa muda wa mwaka mzima au zaidi ili kijana asipoteze hata dakika moja. Kijana hurudi usiku, hula, hulala, huamka kabla ya mapambazuko. Ukimwangalia kwa nje, anatumikiwa kama mfalme. Lakini ni mfalme gani huyu asiyeweza kukataa? Kila kitu kinachofanywa kwa ajili yake humfunga zaidi. Akishindwa, wanaanguka watu sita pamoja naye, na hana ndugu wa kumwambia: "Sasa jaribu wewe."

Basi twaona kwamba kudekeza, ambako huonekana kuwa ni wingi wa kutoa, mara nyingi ni mkopo. Na mkopo wenyewe ni wa namna mbaya, kwa sababu mkopaji hakuombwa idhini yake, hakuambiwa kiasi, wala hakupewa nguvu za kulipa. Mzazi humnyima mtoto mazoezi ya kuwajali wengine muda wa miaka 20, kisha katika mwaka wa 21 humtaka amjali yeye. Hapo ndipo tunapolitumia neno dhuluma, wala hatulitumii kwa mzaha.

Ni nani basi mwenye lawama? Wengine huielekeza yote kwa serikali, na ni kweli kwamba serikali iliyoingia mpaka chumbani mwa watu haiwezi kunawa mikono. Ilifanya ndugu wawe kosa la wazazi. Lakini serikali haikumwamuru babu abebe mkoba. Wala haikumwamuru mama alirudishe tunda. Amri ilileta umoja wa mtoto. Namna ya kuutumia umoja huo ilibaki mikononi mwa wenye nyumba, na ushahidi ni kwamba wako mamilioni ya watoto wa pekee wa Kichina waliokuwa watu wazima wema, wenye kuwatunza wazee wao kwa taabu kubwa pasipo msaidizi. Uchunguzi wa Falbo na Poston watulazimisha tukiri hivyo.

Na iko hofu moja ambayo sisi tuliozaliwa katika nyumba zenye watoto wengi yatuwia vigumu kuielewa. Tarehe 12 Mei 2008 mkoa wa Sichuan ulipigwa na tetemeko la ardhi. Watu wapatao 69,000 walikufa na maelfu wengine hawakuonekana tena. Ilikuwa mchana, watoto wakiwa darasani, na majengo mengi ya shule yaliporomoka. Serikali ilitaja wanafunzi 5,335 kuwa wamekufa au kupotea. Wengi wao walikuwa watoto wa pekee. Wazazi walikaa juu ya vifusi wameshika picha. Baada ya majuma machache wakuu wa uzazi wa mpango wa Chengdu walitangaza kwamba wazazi waliofiwa na mtoto wao wa pekee waweza kupewa kibali cha kuzaa mwingine. Wengi walikuwa wamekwisha kufungwa uzazi, na wengine umri ulikuwa umepita. Wachina wanalo neno *shidu* kwa mzazi aliyepotewa na mtoto wake wa pekee. Yule anayemfuata mtoto na kijiko, akimzuia asipande mti, asiogelee, asivuke njia peke yake, humfuata akiwa na hofu hiyo kifuani. Twaweza kusema kwamba anakosea. Hatuwezi kusema kwamba anaogopa bure.

Matunda ya malezi hayo yalipoanza kuonekana, serikali ilijaribu dawa aliyo nayo kila mtawala, yaani sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2013 sheria ya China ya kulinda wazee yawataka watoto wanaoishi mbali wawazuru wazazi wao mara kwa mara. Siku hiyohiyo mahakama ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti mmoja amzuru mama yake mwenye umri wa miaka 77 angalau mara moja katika kila miezi miwili. Umri wa mama waonyesha kwamba binti huyo hakuwa mzaliwa wa siasa ya mtoto mmoja. Jambo ambalo lapasa kuwanyamazisha wanaodhani kwamba kusahau wazazi kulianza na wafalme wadogo. Lakini twaulizwa na sheria hiyo swali gumu. Binti akija kwa kuamriwa na hakimu, akaketi kwa saa moja huku akitazama saa yake, je, mama amezuriwa? Hakimu aweza kuusukuma mwili wa mtu mpaka mlangoni. Kile ambacho mama alikitaka hakimo katika uwezo wa mahakama yoyote. Kilikuwa kimo katika uwezo wa mama, zamani sana, siku binti alipokuwa na umri wa kubeba kikombe cha maji bila kukimwaga.

Tangu tarehe 1 Januari 2016 wazazi wa China waliruhusiwa kuwa na watoto wawili, na mwaka 2021 wakaruhusiwa watatu. Ruhusa ya pili ilipofika, magazeti ya huko yalieleza juu ya watoto wa kwanza waliokataa katakata: wengine walitishia kutoroka nyumbani, wengine waliwaandikisha wazazi wao ahadi ya kutowaletea mdogo. Watu walicheka, na wengine walikasirika. Lakini watoto hao walikuwa wamefundishwa kwa miaka kumi kwamba nyumba ni yao. Walikuwa wakitetea walichofundishwa. Tangu Januari 2022 iko pia sheria ya malezi ya nyumbani, ambayo yawataka wazazi, miongoni mwa mengine, wawazoeze watoto kazi za mikono. Kwa hiyo ufagio umerudi nyumbani kwa njia ya bunge.

Wale waliokuwa wafalme wadogo wa miaka ya 1980 na 1990 sasa ndio baba na mama. Ruhusa wanayo, tena wanahimizwa, na mahali pengine wanapewa fedha. Lakini mwaka 2023 walizaliwa katika China yote watoto milioni 9 na kidogo tu, karibu nusu ya waliozaliwa mwaka 2016. Wakiulizwa sababu, hutaja bei ya nyumba na gharama za masomo. Na mume na mke ambao wote wawili walizaliwa peke yao hutaja jambo jingine pia: wanao wazee wanne wa kutunza, wala hawana ndugu wa kugawana naye kazi hiyo.